"Tena" na "Upya": Uhakiki wa Maelezo ya Zana ya Kuwasha Kontena

Uhakiki katika kurasa kama hizi umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi, na mara kwa mara istilahi. Matini ninayokusudia kuihakiki hapa ni fupi mno, haina mtunzi anayejulikana kwa jina, wala haikuandikwa ili isomwe kwa raha. Ni maelezo ya zana: aya moja au mbili zinazomweleza wakala wa akili unde (akili mnemba, kama wengine waitavyo) namna ya kuzima na kuwasha programu iliyomo ndani ya seva. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni aina ya maandishi inayoongezeka kila siku, na sisi walimu wa lugha tumewaachia wahandisi peke yao. Pili, tafsiri ya Kiswahili ninayoihakiki niliiandika mimi mwenyewe, na kosa lililomo ni langu.

Yafaa nieleze kwanza ilivyotokea. Baada ya mafuriko ya Novemba na Desemba 2023, na yale yaliyofuata Aprili na Mei 2024, vijiji vingi vya Tana River vilihamia mahali pa juu, na wazee waliokuwa wakikaa pamoja wakatawanyika. Tulihofia kwamba lugha ya mto ingetawanyika nao. Tulianza basi kukusanya sauti katika Garsen, Ngao, Tarasaa na Kipini: mazungumzo ya Kipokomo, ya Kiorma, na ya Kiswahili kama kinavyosemwa na watu wa delta. Sauti hizo ziliwekwa katika seva, na walimu wawili wa shule walioko Garsen wakawa wanasahihisha manukuu yake kwa njia ya intaneti. Mtaalamu wetu wa mitambo anakaa Nairobi. Kila mara huduma ilipokwama, walimu wale walikaa siku mbili au tatu wakimsubiri. Ndipo mwaka 2025 tukamweka wakala wa akili unde alinde huduma hiyo, azungumze na walimu kwa Kiswahili, na arekebishe yale yanayorekebishika. Mimi nilipewa kazi ya kuandika kwa Kiswahili maelezo ya zana zake.

Wasomaji wengi wa jarida hili hawana haja na undani wa mitambo, lakini bila kuelewa jambo moja uhakiki huu hautaeleweka. Kontena la wahandisi si lile sanduku la chuma tunaloliona Kilindini, ingawa jina limetoka huko. Ni namna ya kuifungasha programu pamoja na vitu vyote inavyovihitaji, ili iendeshwe katika seva yoyote bila kugombana na majirani zake. Mfumo ulioieneza njia hiyo ni Docker, uliotolewa mwaka 2013, na jina lake ni la kuli wa bandarini. Mwaka uliofuata Google walitoa Kubernetes, wa kupanga makontena mengi kwa pamoja, na neno hilo la Kigiriki maana yake ni mshika usukani. Inashangaza kidogo kwamba fani nzima imejipamba kwa msamiati wa bahari, nasi wenye kuli, nahodha, shehena na bandari tumerudi kuazima "kontena" tu. Lakini hilo si shauri la leo.

Shauri la leo ni hili. Kontena linapokwama, kuna mambo mawili tofauti yanayoweza kutendwa. La kwanza ni kulizima na kuliwasha. Programu hupelekewa ishara ya kuiomba ifunge kazi zake. Isipofunga kwa muda uliowekwa, ambao kwa desturi ya Docker katika Linux ni sekunde 10, hukatwa kwa nguvu, kisha kontena lile lile huwashwa. Yaliyokuwa katika kumbukumbu ya muda hupotea na watumiaji hukatika kwa kitambo, lakini mafaili yaliyoandikwa ndani ya kontena hubaki, na mipangilio yake hubaki ile ile, iwe mizuri au mibaya. Jambo la pili ni kulivunja kontena hilo na kuunda jingine kutoka katika kiolezo chake. Hapo mipangilio mipya hupata nafasi ya kufanya kazi. Na hapo hapo, kila kilichoandikwa ndani ya kontena la zamani hutoweka, isipokuwa kile kilichowekwa katika hifadhi iliyo nje yake. Mpishi angetofautisha upesi: jambo la kwanza ni kupasha kiporo, la pili ni kumwaga sufuria na kubandika chakula kingine.

Kwa Kiingereza mambo hayo mawili yana vitenzi viwili vinavyoachana tangu mzizi. Nilipoketi kutafsiri, niliona kwamba Kiswahili nacho kina njia yake nzuri, na nakiri niliifurahia. Tuna "tena" na tuna "upya". "Tena" ni ya kurudia: kitendo kile kile, kwa kitu kile kile. "Upya" ni nomino ya hali iliyogeuka kielezi, na haijaacha kubeba ule upya wa kitu kipya. Anayefikiri tena huenda akafikia wazo lile lile; anayefikiri upya ameliweka kando. Anayesoma barua tena anairudia. Anayeiandika upya amechukua karatasi nyingine. Kwa hiyo zana ya kuzima na kuwasha niliipa jina "anzisha_tena", na ile ya kuvunja na kuunda nikaiita "anzisha_upya". Maelezo yake yalisema kwamba ya kwanza "huanzisha kontena tena pale huduma isipojibu", na ya pili "huanzisha kontena upya kutoka katika kiolezo chake". Nilipowaonyesha wenzangu idarani, walisifu. Mmoja alisema ni mfano wa lugha kujitosheleza bila kukopa.

Julai 2025 huduma ya manukuu ilikwama jioni moja. Wakala alimwandikia mmoja wa walimu wa Garsen kwamba huduma haijibu, akamuuliza afanye nini. Mwalimu akajibu kama ambavyo angejibu yeyote kati yetu aliyekulia na simu mkononi: ianzishe upya. Wakala akatazama zana zake, akaiona iliyo na jina hilo hilo, akamwomba idhini ya kuitumia kwa maneno yale yale, akapewa. Baada ya dakika moja aliripoti kwamba huduma imeanzishwa upya na inajibu. Ripoti hiyo ilikuwa kweli tupu. Sauti zilisalimika, kwa kuwa zilikuwa katika hifadhi ya nje. Masahihisho ya manukuu, ambayo kwa uzembe wetu yalikuwa yakiandikwa ndani ya kontena, yalikwenda. Nakala ya akiba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya wiki sita nyuma.

Katika wiki hizo sita walimu walikuwa wakikaa na mzee mmoja wa Kipokomo, wakimsikilizisha sauti yake mwenyewe na kuandika maelezo yake kuhusu majina ya sehemu za mtumbwi, na ya maji ya mto yanapopanda, yanaposimama na yanaporudi. Sauti ya awali tunayo. Maelezo aliyoyatoa alipoisikiliza hatuna. Mzee huyo alifariki kabla ya Julai kwisha.

Sasa, ni nani aliyekosea? Jibu la haraka ni mashine, na jibu hilo silikubali. Wakala alifuata matini. Mwalimu naye alitumia Kiswahili cha siku zote. Katika simu, katika kompyuta, na katika vinywa vya mafundi wa mitaani, "anzisha upya" na "washa upya" ni kuzima na kuwasha tu. Hakuna anayetarajia kupoteza picha zake kwa sababu ameiwasha simu yake upya. Ule upya wa kitu kipya, nilioutegemea mimi, umekwisha kufifia katika uwanja huu. Mimi niliandika kwa kufuata asili ya neno, na mwalimu akasoma kwa kufuata matumizi yake. Miaka yote nimewafundisha wanafunzi kwamba maana ya neno huamuliwa na wanaolisema. Siku nilipokuwa na neno la kuchagua, nikaisahau kanuni hiyo kwa kupenda ulinganifu wa jozi nzuri.

Hata hivyo si haki kulilaumu neno "upya" pekee. Lugha yetu ya hadhara ina tabia ya kupenda vitenzi vya kurejesha uhai visivyosema ni kitu gani kinachorejeshwa. Watu wa Garsen wanaijua tabia hii vyema kuliko wengi. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalibomoa kingo za mradi wa mpunga wa delta, na tangu hapo neno lililosikika mikutanoni ni "kufufua". Juu zaidi ya mto, mradi wa umwagiliaji wa Bura ulipodorora mwishoni mwa miaka ya 1980, nao ukawa wa "kufufuliwa". Kufufua ni kufanya nini? Ni kuwasha pampu zile zile katika mifereji ile ile, au ni kuchimba mifereji mingine na kuwagawia watu ardhi kwa hesabu nyingine? Mkulima anayetaka kujua kama shamba lake litabaki lake hawezi kulipata jibu ndani ya kitenzi hicho. Na mambo ya mto mara nyingine hayarudishiki. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuuunganisha Tana na mto Ozi ili mitumbwi ipite. Tana ukaufuata mfereji huo, na hata leo unaingia baharini Kipini badala ya mdomo wake wa zamani.

Nimetaja Kipini, na msomaji wa fasihi huenda amekwisha kumkumbuka Fumo Liyongo, ambaye masimulizi humweka katika pwani hii ya Ozi na Kipini. Kisa chake gerezani, kama kilivyo katika utenzi wa Muhammad Kijumwa, ni kisa cha maelekezo. Liyongo anamtuma kijakazi kwa mama yake na maneno haya: uokwe mkate wa wishwa, na ndani yake kitiwe kitu cha kukatia pingu. Mama anaelewa, walinzi wanaudharau mkate, na mfungwa anatoka. Hapo ujumbe ulifaulu kwa sababu walinzi hawakuuelewa. Uliwekewa wasomaji wawili kwa makusudi, mmoja wa nje na mmoja wa ndani. Maelezo ya zana nayo yana wasomaji wawili: wakala anayeamua atumie zana ipi, na binadamu anayeombwa idhini. Tofauti ni kwamba hapa kila mmoja ni lazima aelewe kile kile anachoelewa mwenzake. Matini yenye maana mbili, ambayo katika ushairi tungeisifu kwa fumbo, hapa ni matini mbovu.

Mwenzangu mmoja idarani ametoa hoja inayostahili kujibiwa. Anasema maelezo hayo yangeachwa kwa Kiingereza, kwa kuwa modeli hizi zimelishwa Kiingereza kingi kupita kiasi kuliko Kiswahili, na wakala angeelewa zaidi. Huenda angeelewa zaidi. Lakini wakala wetu anazungumza na walimu kwa Kiswahili, na wakati wa kuomba idhini angelazimika kuitafsiri zana hiyo mwenyewe, papo hapo, bila mtu kumsahihisha. Angetumia neno gani? Kwa vyovyote angetumia lililoenea, yaani "anzisha upya", kwa zana zote mbili. Kukiacha Kiswahili nje ya maelezo hakukiondoi katika kazi. Kunakipeleka tu mahali ambapo hakuna anayekihariri. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, wafasiri walikuwa wakiandika menyu za kusomwa na mtu aliyeketi mbele ya kioo, ambaye akikosea anabonyeza na kurudi nyuma. Sisi tunaandika matini inayotendwa na msomaji wa kwanza kabla msomaji wa pili hajamaliza kuifikiria.

Neno "wakala" lenyewe lingetusaidia kama tungelichukua kwa uzito wake. Wakala wetu wa kila siku ni yule wa M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007, na vibanda vyake viko Garsen kama vilivyo kila mahali. Mtu anapotuma fedha leo huonyeshwa jina la atakayepokea kabla hazijaondoka. Maneno ya "je, una hakika?" yasingemsaidia kitu, kwa maana kila mtu ana hakika mpaka hapo atakapoliona jina la mgeni. Kinachomzuia ni kuona jina na kiasi. Zana yetu iliomba idhini kwa kurudia kitenzi. Ilipaswa kuomba idhini kwa kutaja hasara.

Kwa kuzingatia hayo nimeiandika matini ile kwa namna nyingine. Nimeacha "tena" na "upya" zote mbili, na pia "kuanzisha". Zana ya kwanza sasa inaitwa "zima_kisha_uwashe". Maelezo yake ni haya:

Huzima kontena moja lililotajwa kwa jina, kisha huliwasha lile lile. Mafaili yaliyomo ndani yake hubaki. Mipangilio haibadiliki: ikiwa mipangilio imerekebishwa hivi karibuni, zana hii haitaitumia. Wanaofanya kazi wakati huo watakatika, na ambacho hawajakihifadhi kitapotea. Itumie huduma ikiwa imekwama. Kabla ya kuitumia, soma kumbukumbu za makosa na umweleze msimamizi ulichokiona. Ikiwa umekwisha kuitumia mara moja na huduma bado imekwama, usiitumie mara ya pili; mwite mtaalamu.

Ya pili inaitwa "vunja_na_uunde", na sentensi yake ya kwanza inataja hasara kabla ya faida: hufuta kila kitu kilichomo ndani ya kontena, isipokuwa kilicho katika hifadhi ya nje. Halafu inamtaka wakala aorodheshe, kwa majina ya mafaili, vitu vitakavyofutika, na orodha hiyo iwemo ndani ya ombi la idhini. Mwalimu akisema "ianzishe upya", wakala hana ruhusa ya kuchagua. Lazima aulize ni ipi kati ya hizo mbili.

Matini hii ina kasoro zake. Ni ndefu, na maelezo marefu ya zana humchosha wakala kama yanavyomchosha mtu, kwa maana kila zana inapanga foleni katika nafasi ile ile ndogo ya usomaji. Sentensi ya kukataza mara ya pili ilileta ubishi. Itifaki iitwayo Model Context Protocol, iliyotolewa mwaka 2024 na kampuni ya Anthropic na ambayo zana zetu zinaifuata, inamruhusu mtunzi kuambatisha vidokezo vichache kuhusu tabia ya zana: kama inasoma tu, kama inaweza kuharibu, kama kuirudia hakuongezi athari. Mtaalamu wetu alitaka kidokezo hiki cha mwisho kiwe "ndiyo", kwa kuwa ukiliwasha kontena mara tatu hali ya mwisho ni sawa na kuliwasha mara moja. Kwa seva ni kweli. Kwa mwalimu aliye Garsen, aliyekatwa mara tatu katikati ya sentensi anayoinukuu, si kweli hata kidogo. Tuliandika "hapana". Kuhusu kuharibu, itifaki hiyo hudhani kwamba zana isiyosoma tu huenda ikaharibu mpaka mtunzi akanushe, na hii ni adabu nzuri ambayo waandishi wa matangazo ya serikali wangeweza kuiiga. Lakini kidokezo cha ndiyo au hapana hakiwezi kusema *nini* kitaharibika. Hapo hakuna njia ila nathari.

Jambo la mwisho ni dogo. Katika rasimu yangu niliandika "huduma ikiwa imeganda". Niliposafiri kwenda Garsen kuomba radhi na kupanga marudio ya kazi, yule mwalimu aliyetoa idhini alilifuta neno hilo kwa kalamu na kuandika "imekwama". Alisema kwamba kilichoganda hungojewa kiyeyuke, na kilichokwama hukwamuliwa; gari linapokwama katika tope la barabara ya Minjila hakuna anayesimama kulisubiri. Nimelichukua neno lake. Zana mbili kati ya kumi na moja zimekwisha kuandikwa hivi, na ile ya kufuta hifadhi ya nje tumemwondolea wakala mpaka tutakapokaa na walimu hao kuitafutia maneno.